Jaribio Halikremiwi

Mwamshe mwanafunzi wa saikolojia saa nane usiku, umuulize Milgram alifanya nini. Atakujibu kabla hajafungua macho: Yale, 1961, mashine ya umeme wa uongo, watu 40, na 26 kati yao wakabonyeza hadi volti 450. Asilimia 65. Muulize Asch: mistari kwenye kadi, watu wa kupangwa wanatoa jibu ambalo hata mtoto anaona si kweli, na robo tatu ya washiriki wanawafuata angalau mara moja. Muulize Zimbardo, atakupa jela ya Stanford, 1971, ilivunjwa baada ya siku sita. Haya, sasa muulize swali moja dogo: na wewe, umewahi kufanya jaribio gani?

Hapo ndipo network inapotea.

Simcheki comrade. Comrade amefanya kila alichoambiwa. Miaka minne ya fotokopi, slaidi zilizorithiwa tangu enzi za lekchara aliyekwisha staafu, CAT ya dakika 45, mwakenya kwa wale wa imani haba, kisha gauni na picha na ndengu za sherehe. Mwanafunzi wa kemia ambaye hajawahi kuwasha moto wa maabara tungemcheka. Fundi aliyesomea injini kwenye kitabu tu hatungempa hata Probox ya kukodi. Lakini saikolojia ya jamii, elimu ambayo karibu kila inachokijua ilikijua kwa kujaribu watu, tunaifundisha kama hadithi za wazee wa Marekani: fulani akamzaa fulani, fulani akapata asilimia 65.

Sitazunguka mbuyu. Mtu ambaye hajawahi kupanga jaribio, akasimama mbele ya mtu asiyemjua, akahesabu, akakosea, akapanga upya, huyo hajasoma saikolojia ya jamii. Amesikia habari zake. Na idara inayompa digrii inajua hivyo.

Chukua Milgram huyohuyo, lakini weka kando umeme. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 alikuwa akifundisha City University of New York, na darasa lake alilipa kazi iliyosikika kama mzaha. Ingia kwenye treni ya chini ya ardhi. Mwendee abiria aliyeketi. Mwambie: samahani, naomba kiti chako. Usitoe sababu, usijishike mgongo, usichechemee. Omba tu, kisha uandike kilichotokea.

Wanafunzi walikataa. Watu wazima, wa shahada za juu, wakakataa kuomba kiti. Mwishowe mmoja akajitolea kwamba ataomba mara 20. Akarudi na mara 14, akasema ilimshinda kuendelea. Milgram akaona hawa vijana wanadeka, akaingia kwenye treni mwenyewe. Akafika mbele ya abiria na maneno yakamkwama kooni. Akarudi nyuma. Alipojilazimisha hatimaye na mtu akampisha, alijikuta ameinamisha kichwa, uso umempauka, kama mgonjwa, na alisema baadaye kwamba hakuwa anaigiza. Mwili wake ulikuwa unatafuta sababu ya kustahili kile kiti.

Hebu tulia hapo kidogo. Huyu ndiye mtu ambaye miaka kumi kabla alikuwa ameuonyesha ulimwengu jinsi watu wanavyotii. Kwenye karatasi alijua kuhusu nguvu ya jamii kuliko karibu mtu yeyote aliye hai. Lakini kwamba kanuni ya kawaida kabisa, ile ya aliyewahi kiti ni chake, hailindwi na polisi wala kondakta bali na koo lako mwenyewe, hilo alilijua siku alipojaribu kuivunja. Slaidi ingemwambia kwamba kanuni za jamii zina nguvu. Sentensi hiyo ni kweli, na haina uzito wowote mpaka ikukabe.

Matokeo nayo yana utamu wake. Walipoomba bila sababu, abiria 68 hivi kati ya kila 100 walitoa kiti au walisogea kuwapa nafasi. Walipotoa sababu ya kipuzi, kwamba siwezi kusoma kitabu changu nikiwa nimesimama, idadi ikaporomoka hadi 42 hivi. Yaani sababu mbovu ni mbaya kuliko kukosa sababu! Ukimuuliza aliyekremu, atakuambia kinyume, maana akili ya kawaida inasema kutoa sababu ni adabu. Kisha wakajaribu njia nyingine: wanafunzi wawili wanaongea kwanza kwa sauti, abiria anasikia kwamba mmoja anataka kuomba mtu kiti, halafu ndipo anaomba. Kiwango kikashuka chini ya 40. Abiria aliyepewa muda wa kujiandaa alipata muda wa kujiandalia hapana. Matokeo hayo Milgram na John Sabini waliyachapisha mwaka 1978, na chanzo chake ni wanafunzi waliotoka darasani jasho likiwatiririka.

Sasa turudi nyumbani tuone mwanafunzi wetu anapewa nini badala ya hicho.

Mwaka wa nne unafika na anaambiwa afanye mradi wa utafiti. Kichwa utakijua hata kabla hujakisoma: Athari za Mitandao ya Kijamii kwa Matokeo ya Masomo ya Wanafunzi wa Chuo Kikuu Fulani. Au ondoa mitandao ya kijamii uweke pombe, au betting, au malezi ya mzazi mmoja. Sura ya kwanza hadi ya tatu inakopwa kwa aliyetangulia. Hojaji inatungwa kwa jioni moja: nakubali kabisa, nakubali, sina uhakika, sikubali, sikubali kamwe. Inagawiwa hosteli, marafiki wanajaza wakingoja chapati ziive, mmoja anajaza tatu kwa mpigo. Data inapelekwa kwa jamaa wa cyber karibu na geti ambaye anajua SPSS na hajui saikolojia, anarudisha majedwali, na sura ya tano inatangaza kwamba kuna uhusiano mkubwa kati ya hiki na kile. Msimamizi anasaini.

Tatizo si uvivu. Tatizo liko kwenye neno la kwanza la kile kichwa: athari. Ukisema athari umesema kitu kimoja kinasababisha kingine. Hojaji ile haina uwezo wa kukuonyesha hilo hata ukiijazisha Kaunti nzima. Labda kushinda TikTok kunashusha alama. Labda aliyefeli CAT ndiye anayekimbilia TikTok kujiliwaza. Labda wote wawili wana roommate asiyelala. Karatasi haiwezi kuwatenganisha. Kinachoweza kutenganisha ni jaribio: wagawe watu kwa kura, kama unavyorusha sarafu, hawa wafanyiwe hivi na wale wafanyiwe vile, ili kila kingine, roommate, mzazi, karo, kisambae sawa pande zote mbili kwa bahati tu. Baada ya hapo tofauti ikitokea, una haki ya kutamka neno athari. Hilo ndilo wazo kubwa zaidi ambalo fani hii imewahi kumiliki, na linaweza kufundishwa kwa sarafu ya shilingi tano. Tunawaacha watu wahitimu wakiwa wameandika kurasa 60 zinazolikanusha.

Na kuna jambo linalochoma zaidi. Kila mtu mjini hapa anamjua angalau kijana mmoja anayelipa rent kwa kuwaandikia wanafunzi wa Marekani na Uingereza kazi zao za chuo. Saikolojia ni mzigo wa kila siku kwenye biashara hiyo. Yaani tuna vijana wanaoweza kuandika ripoti safi ya jaribio ambalo hawajawahi kulifanya, kwa niaba ya mwanafunzi ambaye pia hakulifanya. Ujuzi wa kuandika kama mwanasayansi tunao wa kuuza nje. Wa kufanya sayansi yenyewe, hakuna aliyetupa.

Wale wanaotetea kukremu husema lazima ujue misingi kwanza. Sawa. Misingi ipi? Jela ya Stanford ambayo comrade anaitaja kwa heshima, Mfaransa Thibault Le Texier aliingia kwenye kumbukumbu zake na kuonyesha kwamba walinzi walielekezwa jinsi ya kuwa wakali, na kitabu chake kilitoka mwaka 2018. Kisa cha Kitty Genovese, yule mwanamke aliyeuawa New York mwaka 1964 eti mbele ya mashahidi 38 wasiofanya kitu, kimeshachambuliwa na ikaonekana gazeti lilikitia chumvi. Mwaka 2015 kundi la watafiti wapatao 270 walichapisha matokeo ya kurudia tafiti 100 za saikolojia zilizokuwa zimechapishwa kwenye majarida ya heshima. Zilizotoa tena matokeo ya kutegemeka zilikuwa kama 36 kwa 100, na kwenye saikolojia ya jamii ilikuwa karibu robo tu. Kwa hiyo huo msingi unaoufundisha kwa kuimba, sehemu yake ni mchanga, na anayeweza kupambanua mchanga na mwamba ni yule ambaye amewahi kujenga. Mwanafunzi ambaye amewahi kuwa mlinzi au mfungwa wa kupangwa kwenye jaribio la darasani angeuliza siku ya kwanza: kwani walinzi waliambiwa nini asubuhi hiyo? Aliyekremu haulizi. Swali hilo halitoki kwenye mtihani.

Isitoshe, msingi wenyewe ulichimbwa kwa watu gani? Joseph Henrich na wenzake waliandika mwaka 2010 kwamba asilimia 96 ya washiriki kwenye majarida makubwa ya saikolojia walitoka nchi za Magharibi zenye viwanda, ambazo zina asilimia 12 ya watu wa dunia. Wengi wao walikuwa wanafunzi wa chuo, waliokuwa wakifanya hivyo ili wapate maksi. Hapa huwa nacheka peke yangu nikikumbuka jaribio maarufu la Tversky na Kahneman, lile la gurudumu la namba, la mwaka 1974. Watu walizungushiwa gurudumu, likasimama kwenye 10 au kwenye 65, kisha wakaulizwa ni asilimia ngapi ya nchi za Umoja wa Mataifa ni za Afrika. Waliopewa 10 walikisia 25. Waliopewa 65 walikisia 45. Ilifaa swali liwe la kitu wasichokijua, na kitu hicho kikawa sisi. Je, darasa la Eldoret au Maseno lingevutwa vivyo hivyo na gurudumu hilo? Chukua fomu za aina mbili, changanya, gawia darasa, utajua kabla ya chai ya saa nne.

Si kwamba majaribio hayafanywi Kenya. Yanafanywa kila siku, na baadhi ni mazuri ajabu. Mwaka 2008 James Habyarimana na William Jack wa Georgetown walibandika stika ndani ya matatu kuwahimiza abiria wapaze sauti dereva akiendesha kiwazimu. Magari yalichaguliwa kwa bahati nasibu, mengine yakapata stika na mengine yakabaki hivihivi. Madai ya bima yalipungua kwa kiasi cha nusu hadi thuluthi mbili kwenye magari yenye stika. Baadaye kampeni ya Zusha ikapeleka wazo hilo kwenye maelfu ya magari, na athari ikaonekana tena, ingawa ndogo zaidi, robo hadi thuluthi. Fikiria. Abiria 14, wote wanajua dereva anawapeleka kaburini, kila mmoja anangoja mwingine aanze. Hiyo ni ile hali ya Darley na Latané ya mwaka 1968, ya mtu kunyamaza kwa sababu wengine wamenyamaza, ila hapa imevaa mkanda na ina ngoma kwa nyuma. Utafiti huo ulipaswa kuwa sura ya kwanza ya kila kozi ya saikolojia ya jamii nchini. Wangapi wameusikia darasani?

Nafasi yetu kwenye utafiti wa aina hii huwa ni miguu. Kijana mwenye digrii ya saikolojia anapata kibarua cha kukusanya data, anapewa tableti, aproni yenye nembo, siku mbili za mafunzo na maagizo: soma swali kama lilivyo, usibadilishe neno. Kwa nini swali liko hivyo, kwa nini kijiji hiki kiko kundi hili na kile kundi lile, hayo yaliamuliwa kwingine. Anafanya kazi vizuri, tena kwa jua kali, na mkataba unaisha Novemba. Sina ugomvi na kibarua, watu wanakula. Ugomvi wangu ni na chuo kilichomfinyanga awe wa kusoma maswali ya wengine tu.

Nikisema haya huwa napigwa na rungu la maadili: wanafunzi wataumiza watu. Lakini angalia nani ameumiza. Mwaka 2020 kulizuka kelele kubwa kuhusu utafiti uliofanywa Kayole-Soweto, ambapo watafiti, wakiwemo wa Benki ya Dunia, pamoja na kampuni ya maji ya jiji, walipima kama tishio la kukata maji, na kuyakata kweli, kungewafanya wenye nyumba walipe bili. Nani alengwe na nani aachwe kwanza ilipangwa kwa bahati nasibu. Watafiti walijitetea, wakaeleza taratibu walizofuata, lakini waliobaki na mitungi mitupu walikuwa wapangaji, si landlord. Hao hawakuwa wanafunzi wa mwaka wa pili. Walikuwa wataalamu wenye vyeti vya kujaza ukuta. Maadili ya utafiti hayaji na cheti, yanakuja kwa kujaza ile fomu ya ridhaa mwenyewe, kuketi mbele ya kamati ikuhoji, na kumtazama mtu machoni baada ya jaribio umwambie: nilikudanganya kwa dakika tano, sababu ni hii, na ukitaka nifute majibu yako nitayafuta. Fanya hivyo mara tatu ukiwa na miaka 20 na hutahitaji kufundishwa ufafanuzi wa neno hadhi.

Tena vijana tayari wanajaribu watu bila ruhusa ya yeyote. Fungua simu yako. Mtu anajiangusha barabarani, mwenzake anarekodi, wanaandika social experiment, wanavuna views. Hakuna kundi la kulinganisha, hakuna ridhaa, hakuna kuhesabu waliopita bila kusimama kwa sababu hao waliondolewa kwenye video. Hamu ipo. Iliyokosekana ni nidhamu, na nidhamu ndiyo kazi ya chuo.

Pesa? Kadi za Asch ni karatasi ya manila na rula. Wingi wa wanafunzi? Idara hulia kwamba darasa lina watu 200, na mimi nasikia kwamba idara ina washiriki 200 walioketi mahali pamoja kila Jumanne. Vyuo vingi vya Ulaya vingeomba mkopo kupata hilo. Upo hata mradi wa kimataifa, CREP, ambao wanafunzi wa shahada ya kwanza katika vyuo mbalimbali hurudia jaribio moja, kisha data zao zinaunganishwa. Mwanafunzi wa kozi ya kawaida anaweza kuchangia kitu kinachochapishwa.

Kile ninachodai basi ni hiki: jaribio moja kila muhula kuanzia mwaka wa kwanza, kwa vikundi, na maksi zitolewe kwa mpangilio na uaminifu, si kwa matokeo. Kundi ambalo halikupata chochote na likaeleza vizuri kwa nini lipate A. Kundi lenye matokeo matamu mno liitwe ofisini. Mradi wa mwaka wa nne wenye neno athari na hojaji moja urudishwe bila kusomwa.

Mwalimu anayetafuta pa kuanzia asiende mbali. Mwaka 1969 Milgram, Bickman na Berkowitz walichapisha jaribio la New York ambalo gharama yake ni shingo. Watu wa kupangwa wanasimama kando ya barabara na kutazama juu, dirisha la ghorofa ya sita, kwa dakika moja. Akitazama mtu mmoja, wapita njia 4 kwa 100 wanasimama. Wakitazama 15, wanasimama 40, na 86 wanainua macho. Lifanye jijini, karibu na Archives, saa saba mchana.

Lakini kabla hamjatoka darasani, kaeni na maswali ambayo New York haikuwa nayo. Vijana 15 wamesimama pamoja katikati ya jiji: wapita njia watawaona kama watu wanaotazama kitu, au kama maandamano yanayoanza? Kanjo watafika dakika ya ngapi, na hiyo dakika mtaihesabu vipi? Mtu wa Nairobi akiona umati unatazama upande mmoja hushika simu mfukoni kwanza, maana amefundishwa na mji kwamba ukitazama juu kuna anayetazama mfuko wako. Basi mtapima macho yaliyoinuka au mikono iliyoshuka? Nani atahesabu, na atasimama wapi ili asionekane? Na kama mkirudia jaribio lilelile kule Nyeri au Kisumu na mikono isishuke, mtasema tofauti imetoka kwa watu au kwa mtaa? Andikeni utabiri wenu kwanza, mwaandike tarehe, mpige sahihi, mumwachie mwalimu. Halafu ndio mtoke.